Uzi: Mkaguzi wa usafi haingii kwa hodi. Jiko lako likoje sasa hivi?

#1 Jikoni Daima (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Niko kwenye kazi ya chakula mwaka wa 14 sasa, nusu nikiwa nimeajiriwa na nusu nikiwa na jiko langu. Nimekaguliwa mara nyingi, nikapita mara nyingi, na mara moja nilifungiwa siku 3. Uzi huu umetokana na hizo siku 3.

Siku ile jiko lilikuwa linang'aa. Tulikuwa tumepata fununu kwamba wakaguzi wako karibu, tukakesha tunasugua. Kuta zilipigwa sabuni hadi juu, sakafu ikadekiwa mara mbili, kila mtu akavaa aproni mpya. Saa 3 asubuhi mkaguzi akaingia, na kuta hakuzitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye sinki ya kunawia mikono akakuta hakuna sabuni, kwa sababu usiku tuliichukua kusugulia sakafu. Akanawa kwa sabuni yake. Kisha akatoa kipimajoto mfukoni, akafunua sufuria kubwa ya mchuzi uliopikwa jana yake jioni. Ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kwa kitambaa safi, inasubiri kupoa ili iingie kwenye friji. Akachoma katikati. Nyuzi 31.

Akaomba daftari la joto la friji. Nikampa karatasi kwa kujiamini. Mwezi mzima, asubuhi na jioni, 4, 4, 4, kalamu moja, mwandiko mmoja. Akaweka kidole kwenye tarehe fulani akaniuliza kwa upole: "Hii si siku mliyofunga? Nani alikuja kupima?"

Sikuwa na jibu. Mchuzi ulimwagwa mbele yangu, na lile karatasi ndilo lililonigharimu kuliko mchuzi, maana kuanzia hapo hakuna nilichosema kilichoaminika.

Nilichojifunza ni kwamba mkaguzi anakuja kutafuta jiko la jana, la juzi, na la siku ambayo hayupo. Ukisugua usiku mmoja unapata jiko la leo tu. Nitaandika kwa vipande jinsi nilivyopanga upya kazi yangu. Ulizeni palipo na giza, na wenye uzoefu wanisahihishe.

#2 Jikoni Daima

Naanza na joto kwa sababu ndiko wengi tunakoangukia, na ndiko mtu anakoweza kumwumiza mteja bila kuona wala kunusa kitu.

Vijidudu vingi vinavyoharibu matumbo ya watu vinastawi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Kanuni 5 za chakula salama za Shirika la Afya Duniani, zilizoanza kusambazwa mwaka 2001, zinasimamia mipaka hiyo: cha baridi kiwe chini ya 5, cha moto kibaki juu ya 60 mpaka kinapakuliwa, kinachopikwa kifike 70 katikati, na kilichoiva kisikae mezani zaidi ya saa 2. Kila nchi ina namba zake zinazopishana kidogo. Uingereza, kwa mfano, cha moto ni 63 na cha baridi kisizidi 8. Tafuta kanuni za mahali ulipo, ndizo utakazokaguliwa nazo, uzibandike ukutani kwa maandishi makubwa.

Nunua kipimajoto cha kuchoma chakula. Kama bajeti ni finyu, kitangulie kabla ya feni, kabla ya kibao cha mlangoni, kabla ya sare. Halafu kijaribu chenyewe. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, chomeka bila kugusa glasi, subiri namba itulie. Lazima isome 0 au karibu sana. Wengine wanajaribia maji yanayochemka wakitegemea 100, lakini ukiwa nyanda za juu maji huchemka chini ya hapo, takriban nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300 za mwinuko. Barafu haina shida hiyo. Andika tarehe uliyojaribu. Na kila ukichoma chakula kimoja, safisha ncha kabla ya kuchoma kingine, la sivyo kipimajoto chenyewe kinakuwa kijiko cha kuhamishia vijidudu.

Namba inayowaka kwenye mlango wa friji isikutoshe. Ile ni hewa iliyo karibu na kihisio chake. Weka chombo kidogo cha maji katikati ya rafu, kiache saa kadhaa, kisha pima maji. Chakula chako kiko karibu na joto la yale maji. Pima pia saa ya shughuli nyingi, wakati mlango unafunguliwa kila dakika.

#3 Mwanagenzi

Mkuu umenigusa. Mimi ninaanza, nina miezi 4 tu. Swali: tangu utotoni tumeambiwa chakula cha moto hakiingizwi kwenye friji, kisubiri kipoe. Sasa sufuria ya lita 40 ya mchuzi unaipoozaje bila kuiacha mezani?

#4 Jikoni Daima

Hilo ndilo lililonifungia jiko, ndugu yangu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kuchemsha hakuui kila kitu. Kuna bakteria wanaojifungia ndani ya mbegu ngumu zinazostahimili moto wa jiko. Mmoja anaitwa Clostridium perfringens, anapenda nyama na mchuzi mzito. Sufuria ikianza kupoa taratibu, zile mbegu zinaamka, na joto likifika kwenye nyuzi 40 na kitu bakteria hao wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 10 hivi. Piga hesabu ya usiku mmoja. Sufuria ya lita 40 katikati yake hukaa na uvuguvugu hadi alfajiri, hata ukigusa nje ukaona imepoa.

Kwa hiyo usipooze sufuria, pooza chakula. Kimimine kwenye trei pana, kina kisizidi sentimita 5 hivi. Nyama kubwa ikate vipande. Kwa mchuzi mwingi, tenga kwenye sufuria ndogo, zikalishe kwenye beseni au sinki yenye barafu na maji, ukoroge mara kwa mara kwa mwiko safi. Kanuni za mfano za chakula za Marekani zinatoa kipimo ambacho mimi nakifuata hadi leo: kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, halafu hadi 5 ndani ya saa 6 tangu ulipoanza. Ile hatua ya kwanza ndiyo ya hatari, ndiyo maana imepewa muda mfupi.

Ulichoambiwa utotoni kina ukweli wake. Sufuria kubwa inayofuka mvuke ukiisukuma kwenye friji inapasha kila kilichomo, na yenyewe haipoi. Lakini trei ya kina kifupi iliyokwisha toa mvuke inaingia, bila kufunikwa gubi mpaka ipoe, rafu ya juu ambako hakuna kitakachoidondokea.

Na njia iliyo rahisi kuliko zote: pika kidogo, mara nyingi. Tulipoacha kupika mchuzi wa siku mbili, nusu ya matatizo yetu ya kupooza yaliisha.

#5 Dada Kaunta

Kaka, lakini kiporo ukikipasha hadi kichemke kabisa, si vinakufa vyote? Kwetu ndivyo tunavyofanya na hatujapata malalamiko.

#6 Jikoni Daima

Dada yangu, vinakufa vijidudu, sumu inabaki. Wali ulioachwa nje usiku kucha ni mfano mzuri. Bacillus cereus anatokana na zile zile mbegu zisizokufa kwa kupika, na akishastawi anaacha sumu ya kutapisha ambayo kuchemsha hakuiondoi. Ile ya Staphylococcus, inayotoka kwenye mikono, pua na vidonda vyetu, ni vivyo hivyo. Kupasha moto kunaokoa chakula kilichopoozwa vizuri na kutunzwa vizuri. Chakula kilicholala mezani hakiokolewi na moto.

Kuhusu malalamiko, nami nilikuwa nasema hivyohivyo. Mteja aliyeumwa tumbo usiku mara nyingi hajui ni chakula kipi kilichomwumiza, na akijua, anahamia kwingine kimyakimya. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2015 ni watu milioni 600 wanaougua kila mwaka kwa chakula kichafu, na 420,000 wanaokufa. Hao wengi wao hawakurudi dukani kulalamika.

Ukipasha, pasha mara moja tu, haraka, hadi kifike 74 au zaidi katikati. Kisichouzwa hapo kinamwagwa. Na usipashie kwenye kaunta ya kutunzia joto, ile imetengenezwa kushikilia joto, haina nguvu ya kulipandisha.

#7 Aliyewahi Kukagua

Nimefanya ukaguzi kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia kazi nyingine. Mwanzisha uzi anasema kweli, naongezea upande wa pili wa meza.

Dakika 10 za kwanza nilikuwa nasimama tu. Natazama mikono. Mpishi ameshika nyama mbichi, baada ya hapo anashika nini? Simu? Mkate? Mlango wa friji? Ananawa, au anajifuta kwenye aproni? Hilo haliigizwi. Mtu asiye na mazoea ya kunawa akijua anatazamwa ananawa mara moja kwa mbwembwe, halafu mazoea yanamrudisha.

Pili, nilikuwa namwuliza mfanyakazi mgeni kuliko wote, si bosi. "Friji inatakiwa kuwa na joto gani? Ukiharisha leo asubuhi unafanya nini? Dawa hii unaichanganyaje?" Bosi akijibu kwa niaba yake, nimeshapata jibu langu.

Tatu, nainama. Chini ya sinki, nyuma ya friza, mpira wa mlango wa friji, uwazi wa mashine ya barafu, meno ya kifungulia makopo, visu vya mashine ya kukatia. Kuta za usawa wa macho kila mtu anasafisha.

Na daftari la 4, 4, 4 nimeliona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Daftari lililonipa imani lilikuwa na 7 imezungushiwa duara, pembeni imeandikwa: "mlango haukufungwa vizuri, maziwa yamehamishwa, saa moja baadaye 4." Hapo najua kuna mtu anapima kweli, na akikuta tatizo anajua la kufanya.

#8 Mpishi wa Usiku

Hayo ya daftari yanafaa majiko makubwa. Sisi tuko watu 3, mmoja anapika, mmoja anahudumia, mmoja anaosha. Nani atakaa kuandika? Nauliza kwa nia njema, maana nilishawahi kuonyeshwa fomu za HACCP, ule mfumo wa kuzuia hatari za chakula, zenye kurasa 20, nikazifunika.

#9 Jikoni Daima

Nakuelewa kabisa, na mimi zile fomu zilinishinda. Lakini ukivua jina lake, HACCP ni wazo ambalo kila mpishi mwenye akili analo. Ilianza miaka ya 1960 kwenye chakula cha wanaanga wa Marekani. Huwezi kukipima chakula cha mwanaanga akishakila, kwa hiyo waliamua kutafuta kila hatua ambayo chakula kinaweza kuharibikia, na kuilinda hatua hiyo. Kwako ni maswali machache: wapi hapa jikoni mtu anaweza kuumizwa? Kipimo ni kipi? Nani anapima? Kikikosekana tunafanya nini? Tumeandika wapi?

Mimi nina karatasi 4 tu. Ya kwanza ni joto la friji na friza, mara 2 kwa siku. Ya pili ni kupika, kupooza na kupasha, si kila sahani, bali kila mpiko mkubwa. Ya tatu ni mizigo inayoingia: nani kaleta, joto lake, tarehe ya mwisho, tumekubali au tumerudisha. Ya nne ni usafi. Kila moja imebandikwa mahali kazi inapofanyikia, na kalamu imefungwa kwa kamba papo hapo. Ile kamba ilibadilisha mambo kuliko semina yoyote. Karatasi ikiwa ofisini, mtu atajaza jumla mwisho wa wiki, na hapo ndipo 4, 4, 4 inapozaliwa.

Kwa watu 3, kazi yote hiyo haifiki dakika 15 kwa siku. Na siku ukisahau kupima, acha nafasi wazi. Andika "haikupimwa" ukiweza. Msiwafokee vijana wanaoandika namba mbaya, ndugu zangu. Ukimfokea mtu kwa kuandika 9, kesho atakuandikia 4.

#10 Jikoni Daima

Sasa mikono na wagonjwa.

Sinki ya kunawia mikono iwe ya kunawia mikono tu. Ukikuta ndani yake kuna mboga, sufuria au kopo, wewe mwenyewe umeshafeli hata kabla mkaguzi hajaja. Maji yanayotiririka, sabuni, kitu cha kukaushia ambacho mtu hatumii baada ya mwenzake, na pipa la kutupia. Sekunde 20 za kusugua. Ile dawa ya alkoholi ya kupaka mikononi haichukui nafasi ya sabuni jikoni, maana haifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye mafuta na uchafu, na kirusi cha norovirus, kinachosambaza matapishi na kuharisha kwa kasi, hakiiogopi sana.

Glovu nazo zinatudanganya. Glovu iliyoshika nyama mbichi kisha ikashika saladi ni mkono mchafu wenye rangi nyingine. Afadhali mkono mtupu unaonawa kila mara.

Mfanyakazi anayeharisha au kutapika asiingie jikoni, na arudi baada ya saa 48 tangu dalili zilipokoma. Hapa nitasema jambo ambalo wamiliki wenzangu hawapendi kulisikia: kama humlipi siku anayougua, atakuja anaumwa na atakuficha. Mimi nalipa siku hizo 2. Zinanigharimu, lakini ni nafuu kuliko wateja 30 kitandani.

Na vipimo vya afya vya wafanyakazi visichukuliwe kama karatasi ya kumwonyesha mkaguzi. Mary Mallon alikuwa mpishi kule New York mwanzoni mwa karne ya 20, hajisikii kuumwa hata kidogo, huku familia alizopikia zikiugua homa ya matumbo. Alipogunduliwa mwaka 1907 hakuamini. Mtu anaweza kubeba ugonjwa akiwa mzima wa afya machoni pa kila mtu, pamoja na macho yake mwenyewe. Mchango wa kipimo ni wa kweli, lakini ni wa siku ile tu. Siku zilizobaki kinacholinda mteja ni kunawa.

#11 Dada Kaunta

Nimewaelewa, na hapo kwenye kulipa umesema neno. Naomba ugusie usafishaji wenyewe. Sisi tunafuta kaunta kwa tambara na sabuni siku nzima, na mkaguzi wa mwisho alituandikia kwamba "hatutakasi". Nikabaki najiuliza tumefuta nini.

#12 Jikoni Daima

Dada, ni kazi 2 zinazofuatana. Kuosha kunaondoa uchafu na mafuta. Kutakasa kunaua vijidudu vilivyobaki. Ukitakasa juu ya uchafu, dawa inamalizwa na uchafu kabla haijafika kwa vijidudu. Kwa hiyo: kwangua, osha kwa sabuni na maji ya moto, suuza, takasa, acha ikauke yenyewe kwa hewa. Kwenye vyombo ni vivyo hivyo, ndiyo maana wakaguzi wengi wanataka sinki 3.

Klorini ndiyo wengi tunayotumia, na wengi tunaimimina kwa kukisia. Soma chupa inasema asilimia ngapi. Ikiwa ni 5, mililita 2 kwa kila lita ya maji zinakupa takriban miligramu 100 kwa lita, kiwango kinachotosha meza na mbao za kukatia zilizokwisha oshwa. Ndoo ya lita 10 ni mililita 20, hata kifuniko kikubwa hakijai sana. Kuzidisha hakuongezi usafi, kunaacha harufu na mabaki kwenye chakula. Changanya upya kila siku, na upya tena maji yakichafuka. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, dawa inahitaji kukaa juu ya meza iliyolowa ili ifanye kazi. Na kamwe usiichanganye na siki, asidi ya kusafishia choo wala amonia, gesi inayotoka inaunguza mapafu.

Tambara lako la siku nzima ndilo lililokuandikia ile ripoti. Tambara bichi lenye uvuguvugu ni shamba. Lilale ndani ya maji ya dawa kati ya matumizi, libadilishwe kwa zamu, na la nyama mbichi lisiguse kaunta ya mteja. Sisi tumegawa kwa rangi: nyekundu nyama mbichi, kijani mboga, buluu mezani. Mbao za kukatia pia. Ubao uliojaa mikwaruzo ya visu tupa, huwezi kuusafisha tena.

Na msioshe kuku mbichi kwenye sinki, jamani. Najua wengi tumelelewa hivyo. Maji yanarusha matone hadi kwenye vyombo vilivyo jirani, na bakteria wa kuku anakufa kwa moto, wala si kwa maji ya bomba.

#13 Aliyewahi Kukagua

Kuhusu panya na mende, msisubiri kuwaona. Ukimwona panya mchana, wako wengi. Tafuteni dalili: kinyesi cha panya mdogo kinafanana na punje nyeusi ya mchele yenye ncha, cha mende kinafanana na unga wa kahawa kwenye kona za kabati na bawaba za milango. Tazameni alama za mafuta ukutani wanakopita, magunia yaliyotobolewa pembeni, harufu ya mkojo stooni.

Panya mdogo anapita kwenye tundu la milimita 6 hivi, unene wa penseli. Kwa hiyo tembeeni na penseli kuzunguka jengo lote, hasa mabomba yanapoingia ukutani na chini ya milango. Zibeni kwa saruji au wavu wa chuma, povu la kuzibia peke yake wanalitafuna. Vitu vya stoo viinuliwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni na viachane na ukuta, ili fagio na tochi vipite. Maboksi ya mizigo yaishie mlangoni, mende husafiri na mayai yao kwenye mikunjo ya maboksi. Na sumu isiwekwe popote karibu na chakula. Nimewahi kukuta sumu ya panya imewekwa rafu moja na unga, na hilo lilikuwa kosa zito kuliko panya wenyewe.

#14 Jikoni Daima

Ahsante sana mkuu. Mengine nayapitia haraka maana hayahitaji maelezo marefu.

Kwenye friji kilichoiva kinakaa juu, kibichi chini, kuku mbichi chini kabisa. Kila chombo kina lebo ya jina na tarehe, kilichotangulia kuingia kinatangulia kutoka. Kuyeyusha nyama ni ndani ya friji tangu jana yake. Tangi la maji lina mfuniko na ratiba ya kuoshwa. Chemba ya kunasa mafuta inazolewa kabla haijafurika. Kucha fupi, nywele zimefunikwa, pete na saa zinabaki kabatini, kidonda kinafungwa plasta ya buluu ambayo ikidondoka inaonekana. Leseni, vyeti vya afya na vya mafunzo, risiti za dawa ya wadudu, vyote faili moja ambalo kila msimamizi wa zamu anajua liliko. Bosi asipokuwepo ukaguzi hausimami.

Vyakula vinavyowadhuru baadhi ya watu sitavipita haraka. Karanga, mayai, maziwa, samaki, ngano, soya, ufuta na vinginevyo. Kuna mtu anaweza kufa kwa punje. Mhudumu akiulizwa "humu kuna karanga?" na hana uhakika, jibu sahihi ni "ngoja nikaulize jikoni", kamwe si "nadhani hamna". Andikeni viungo vya kila chakula, na mafuta yaliyokaangia kitu chenye karanga msiyaite safi.

#15 Mpishi wa Usiku

Na siku yenyewe akiingia? Mimi huwa natetemeka. Mara ya mwisho nilijikuta nabishana naye mbele ya wateja.

#16 Aliyewahi Kukagua

Mwombe kitambulisho, hilo ni haki yako na hakuna mkaguzi wa kweli atakayechukia. Mpe aproni na kofia. Tembea naye mwanzo hadi mwisho, na daftari lako mkononi, andika anachokiona. Akikuta kitu cha kurekebishwa papo hapo, rekebisha papo hapo mbele yake. Usiwakonyeze vijana wafiche vitu, tunaona. Usimpe chakula wala bahasha, unajiharibia na unamharibia.

Usipokubaliana, uliza kwa utulivu: "Ni kanuni ipi, na ungependa nifanyeje?" Kisha iandike. Kama bado unaona umeonewa, kuna njia ya kukata rufaa na huwa ina muda wake maalumu, isome kwenye ripoti. Kabla hajaondoka muulize lipi ni la leo, lipi la wiki hii, lipi la kuboresha tu. Yale ya leo ndiyo yanayofunga jiko: maji kukatika, maji taka kurudi juu, panya kuzagaa, friji kufa na chakula ndani, mgonjwa anayepika. Ukipata lolote kati ya hayo hata kama mkaguzi hayupo, funga mwenyewe. Aliyejifungia akarekebisha akafungua, mimi nilimheshimu sana.

#17 Mwanagenzi

Wakuu, nimerudi. Nilifanya kile cha chombo cha maji kwenye friji. Mlangoni inasoma 4. Maji baada ya saa 5 yamesoma 9. Nimejaribu kipimajoto kwenye barafu, kimesoma 0, kwa hiyo tatizo ni friji. Humo nina nyama ya kesho, maziwa, na mchuzi wa leo mchana. Nimechanganyikiwa, nifanye nini usiku huu?

#18 Jikoni Daima

Hongera kwa kupima, na pole. Fanya hivi sasa hivi.

Friji jirani au friza ikiwepo, hamisha vyote. Kama hamna, boksi la baridi na barafu nyingi. Mchuzi wa mchana, pima katikati yake. Ukiwa juu ya 5 na hujui umekaa hivyo tangu saa ngapi, mwaga. Maziwa na nyama ni hivyohivyo: usichoweza kueleza saa zake, usikiuze. Najua inauma.

Kisha chomoa friji, tazama nyuma. Koili, yale mabomba yaliyojikunja, ikiwa imevaa vumbi kama blanketi, isafishe kwa brashi. Ivute kutoka ukutani ipate hewa. Funga mlango juu ya karatasi na uivute, ikitoka kirahisi mpira umechoka. Ndani usijaze hadi hewa ikose pa kupita, na barafu ikiwa imeganda ukutani iyeyushe. Iwashe, rudisha kile chombo cha maji, pima alfajiri. Ikigoma kushuka chini ya 5, ita fundi na usiweke chakula humo.

Na kabla hujalala, andika yote kwenye karatasi: saa uliyopima, 9, ulichomwaga, ulichohamisha, ulichofanya kwenye koili. Bandika kwenye mlango wa friji na kalamu yake. Alfajiri tupe namba hapa.